Mtawarira, Nguzo ya Kushoto

Katika timu ya raga ya wachezaji kumi na watano, yule avaaye fulana namba 1 huitwa propu wa kushoto. Ni nadra kumwona akikimbia na mpira mbele ya umati, na ni nadra zaidi picha yake kutokea gazetini akifunga. Kazi yake imo ndani ya skramu, pale watu wanane wa upande mmoja wanapoinama, wakashikana mabega, wakasukumana na wanane wa upande wa pili, mpira ukiingizwa katikati ya miguu yao. Askari aliyewahi kusukuma lori lililozama topeni anaweza kuifahamu kazi hiyo kwa kiasi fulani, ila tu lori halisukumi kuja kwake.

Propu wa kushoto ana upande mmoja wa kichwa ulio huru. Mpinzani wake, namba 3, kichwa chake hubanwa kati ya vichwa viwili. Kwa hiyo ustadi wote wa namba 1 ni kumwingia huyo wa tatu kwa chini, kumkunja au kumwinua, huku nguvu za wenzake wa nyuma zikipita katika mgongo na shingo yake mwenyewe. Namba 3 akivunjika na kuanguka, refa hupuliza filimbi na kutoa adhabu; adhabu ikipigwa ikapita kati ya milingoti ni pointi 3. Michezo mingi mikubwa imeamuliwa hivyo, na watazamaji wakarudi makwao bila kujua ni nani hasa aliyewashindia.

Tendai Mtawarira alizaliwa Harare, nchini Zimbabwe, tarehe 1 Agosti 1985. Tangu utotoni wenzake wa shule walimwita Beast, yaani Mnyama, kwa ukubwa wa mwili wake, na jina hilo halikumwacha tena. Alisoma Churchill, kisha Peterhouse, shule mbili zenye sifa ya raga katika nchi ile. Baada ya masomo alivuka mpaka kwenda Durban, Afrika Kusini, kujiunga na chuo cha raga cha timu ya Sharks. Raga ilikuwa imeruhusu rasmi wachezaji wa kulipwa mwaka 1995, na kwa kijana wa Zimbabwe wa wakati ule mguu na bega vilikuwa rasilimali ya kutegemewa.

Alikwenda kama mchezaji wa safu ya nyuma ya skramu, mahali pa kukimbia, kukaba na kubeba mpira. Kocha wa Sharks, Dick Muir, alimtazama akaamua kwamba mahali pake ni mbele kabisa. Kijana hakufurahi. Yafaa kumwelewa: ni kama dereva mwenye sifa anapoambiwa ashuke garini akajifunze ufundi wa chini ya gari. Propu hutengenezwa polepole, na wengi huiva baada ya umri wa miaka 25. Mtawarira alikubali, akafundishwa upya namna ya kusimama, kushika na kuinama, na tarehe 14 Juni 2008, akiwa na umri wa miaka 22, aliichezea Afrika Kusini kwa mara ya kwanza dhidi ya Wales mjini Pretoria.

Mwaka uliofuata ndipo dunia ilipomjua. Tarehe 20 Juni 2009 timu ya British and Irish Lions, mkusanyiko wa wachezaji bora wa visiwa vya Uingereza na Ireland, ilishuka Durban. Mbele ya Mtawarira alisimama Phil Vickery, aliyekuwa nahodha wa Uingereza na bingwa wa dunia wa mwaka 2003. Skramu baada ya skramu, Vickery alikunjwa, akainuliwa, akaadhibiwa na refa, hata mapema katika kipindi cha pili akatolewa. Afrika Kusini ilishinda 26 kwa 21. Kila Mtawarira alipougusa mpira, uwanja mzima ulilivuta jina lake kwa sauti nzito na ndefu, na wageni wasiojua walidhani anazomewa.

Lakini sifa haikuzuia maneno. Kanuni za kimataifa za wakati ule zilimruhusu mtu aliyekaa katika nchi kwa miaka mitatu kuichezea, hata kama si raia, na Mtawarira alikuwa mtu wa namna hiyo. Mwanasiasa mmoja alihoji kwa nini mgeni avae jezi ya taifa, na suala hilo likafika serikalini. Kwa muda kidogo mtu aliyebeba skramu ya nchi mabegani hakuwa na hakika kama nchi itambeba yeye. Mwaka 2010 alipewa uraia wa Afrika Kusini, akaendelea na kazi yake.

Moyo nao ukamsumbua. Zaidi ya mara moja ulianza kwenda mbio bila mpangilio, na mwaka 2012 ulimtoa katika ziara ya Ulaya. Kwa mtu aishiye kwa nguvu za mwili hakuna habari ya kutisha kupita hiyo, na wapo watu wa kazi ngumu, wavaao sare wakiwamo, ambao huficha mapigo ya namna hiyo wasije wakaondolewa zamu. Yeye aliwaona madaktari, akatibiwa, akarudi uwanjani.

Mwaka 2015 alikuwa mmoja wa walioanza mchezo ule wa Brighton, ambapo Japani iliifunga Afrika Kusini 34 kwa 32. Tarehe 2 Novemba 2019 alicheza fainali ya Kombe la Dunia, mjini Yokohama, dhidi ya Uingereza. Katika dakika ya tatu namba 3 wa Uingereza, Kyle Sinckler, aligongwa kichwani na mwenzake akatolewa. Akaingia Dan Cole, mkongwe, na kwa Cole siku ile ilikuwa ndefu mno. Skramu za Mtawarira zilileta adhabu, na Handré Pollard akazigeuza kuwa pointi: adhabu sita peke yake. Mwisho ulikuwa 32 kwa 12.

Siku chache baadaye Mtawarira, mwenye miaka 34, alitangaza kuiaga timu ya taifa baada ya kuichezea mara 117. Wakati huo ni Victor Matfield na Bryan Habana tu waliokuwa wamemzidi, na hakuna propu wa nchi hiyo aliyekuwa amefika huko. Mwaka 2020 alicheza michezo michache mjini Washington, nchini Marekani, katika timu ya Old Glory DC. Maradhi ya korona yakavunja msimu, naye akatundika viatu.

Fulana namba 1 ilichukuliwa na Steven Kitshoff, yule yule aliyekuwa akiingia badala yake Yokohama. Kitshoff alianza fainali ya mwaka 2023 jijini Paris, Afrika Kusini ikashinda tena. Mwaka 2025, kabla ya kutimiza miaka 34, aliacha raga kwa jeraha la shingo.