Kuvu, Adui na Mwashi

Mkulima wa kahawa wa Ruiru hamtaji kuvu kwa wema. Tangu mwaka 1922, ulipotambuliwa nchini Kenya ugonjwa wa chulebuni, uozeshao buni changa zingali mtini, wataalamu na wakulima hawajapata kuweka silaha chini; na mbuni uitwao Ruiru 11, uliotolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti cha mji huo, ambao mbegu zake hupatikana kwa kuchavusha ua kwa mkono, ulizalishwa mahsusi kustahimili maradhi hayo pamoja na kutu ya majani.

Basi huenda mkulima huyo akastaajabu kusikia habari za Philip Ross, msanii wa California, ambaye mwaka 2009, katika jumba la sanaa la Düsseldorf, Ujerumani, alisimamisha kibanda cha tao kwa matofali yasiyochomwa wala kufyatuliwa kwa udongo, bali yaliyooteshwa kwa uyoga mchungu ambao Wachina wameutumia kama dawa tangu kale. Na wageni waliokuja kutazama wakakirimiwa chai iliyochemshwa kwa matofali yayo hayo.

Siri yake ni kwamba uyoga tuuonao ni tunda tu. Mwili wa kuvu ni nyuzi nyembamba mno zilizojificha ndani ya chakula chake. Unga wa mbao au makapi hupikwa kwa mvuke ili vijidudu vife, yakatiwa mbegu ya uyoga, yakajazwa katika kalibu na kuachwa gizani. Kisha nyuzi zile, zikitoa vimeng'enya vinavyoyeyusha ugumu wa mti, hupenya, hupandana na kusokotana hata kila chembe ikashikwa na mwenziwe. Ukuta wa nyuzi una kitini, ambayo pia ndiyo iliyomo katika gamba la kaa. Hatimaye joto humuua kuvu, likabaki tofali jepesi lizuialo joto na kelele, ingawa haliwezi uzito wa ghorofa, na maji ni hasimu wake. Pamoja na hayo, msanifu majengo David Benjamin alijenga New York, mwaka 2014, mnara wa matofali ya namna hiyo yapatayo 10,000.

Kwetu, msanifu majengo Mtamu Kililo, kwa kampuni yake ya MycoTile ya Nairobi, hutengeneza vigae vya dari na kuta kwa nyuzi za uyoga uliwao na mabaki ya mazao. Baina ya Ruiru na Thika, chuo kikuu cha Juja huzalisha mbegu za uyoga. Na katika vinu vya Thika, takriban moja ya tano ya uzito wa kahawa kavu iingiayo kukobolewa hutoka kuwa maganda matupu. Mimi natamani kwa dhati kumwona msanii wa Thika akijaza kalibu lake la kwanza kwa maganda ya Ruiru 11, mbuni uliozaliwa ili kumshinda kuvu, akimpa kuvu ayale.