Kiwanja Kilichotobolewa Sharti Kitunzwe

Kiwanja cha mpira cha shule, uwanja wa kanisa, au bustani ya nyasi mbele ya nyumba huchoka kama shamba lichokavyo. Kila siku hukanyagwa na miguu mingi, na udongo wake hushindiliwa hata ukawa mgumu kama sakafu. Mvua inyeshapo maji hayazami, bali hutuama, au hukimbia na kuchukua udongo wa juu na kuchimba makorongo katika mashamba yaliyo chini. Jua liwakapo, mahali pale pale huwa vumbi tupu. Mizizi ya nyasi hukosa hewa na maji, nayo hufa. Mtoto aangukaye hapo huumia kama aliyeanguka barabarani.

Dawa yake ni kuitoboa ardhi. Chombo kilicho bora ni kile chenye meno yaliyo wazi ndani kama mrija, ambacho hung'oa vipande vya udongo vya unene wa kidole na urefu wa sentimeta 5 hadi 10, na kuacha matundu. Asiye na chombo hicho aweza kutumia uma wa shamba, lakini faida yake ni ndogo, kwa kuwa uma hautoi udongo, ila huubana kando ya tundu. Wakati ufaao ni mwanzo wa mvua, ardhi ikiwa na unyevu bila kuwa matope.

Watu wengi, wakiisha kutoboa, huweka chombo chini na kudhani kwamba kazi imekwisha. Sivyo. Matundu hayo ni milango tu. Yakiachwa vivi hivi, miguu itayaziba tena, na taabu yote itakuwa imepotea bure.

VIPANDE VYA UDONGO

Vipande vilivyong'olewa huonekana vibaya, na wengine huvizoa na kuvitupa. Ikiwa udongo wenu ni mzuri, msivitupe, maana vina rutuba. Viacheni vikauke siku moja au mbili, kisha vivunjeni kwa mgongo wa reki, au kokoteni tawi la mti juu yake mpaka visagike na kurudi katika nyasi. Lakini ikiwa udongo ni ule mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, ni afadhali kuviondoa na kujaza matundu kwa udongo ulio bora.

KUJAZA MATUNDU

Changanyeni mchanga wa mto na samadi iliyooza sawasawa, mkaipitishe katika chekecheke. Samadi mbichi isitumiwe, kwani huunguza nyasi na kuleta mbegu za magugu. Tandazeni mchanganyiko huo kwa unene wa milimeta 5, kisha usugueni kwa ufagio mgumu mpaka uingie matunduni. Ncha za nyasi zionekane juu. Zikifunikwa kabisa zitakufa.

Kwa eneo la meta 10 za mraba zatosha lita 50, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20. Kiwanja kizima cha mpira chaweza kuhitaji mchanga wa malori kadhaa, na shule nyingi haziwezi gharama hiyo. Basi anzeni pale palipoumia zaidi: mbele ya magoli na katikati ya kiwanja. Mahali pengine vipande vilivyovunjwa vitatosha.

MAJI NA MBOLEA

Mvua ikikosekana, nyasi zapaswa kupata maji ya kiasi cha milimeta 25 kwa juma. Kwa meta 10 za mraba hiyo ni lita 250, karibu mitungi 13 ya lita 20. Mwagieni asubuhi, mara mbili au tatu kwa juma, maji yazame mpaka chini. Kunyunyiza kidogo kidogo kila siku hufanya mizizi ikae juu juu, nayo huchomwa na jua upesi.

Huu ndio wakati mzuri wa kutia mbolea, kwa kuwa njia ya kufika mizizini iko wazi. Mbolea ya CAN, gramu 200 kwa meta 10 za mraba, yatosha. Itawanyeni nyasi zikiwa kavu, kisha mwagieni maji papo hapo ili isiziunguze.

Palipo na upara, nyasi za Kikuyu hupandwa bila mbegu. Kateni vitawi vyake vinavyotambaa, vyenye vifundo vitatu au vinne, mvifukie kwa umbali wa sentimeta 15 hadi 20, ncha zikibaki nje. Nyasi hizi asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, na siku hizi hufunika viwanja hata Australia na Afrika Kusini. Pwani, penye joto, ukoka hufaa zaidi. Mabaki ya vitawi yasitupwe shambani, kwani yatachipua na kuwa magugu magumu kung'oa.

KUKIPUMZISHA KIWANJA

Hapa ndipo wengi hushindwa. Palipo na nyasi nzima, punguzeni michezo kwa majuma mawili hata manne. Palipopandwa upya, ngojeni mpaka vitawi vikutane na kushika ardhi, visiweze kung'olewa kwa kuvutwa kwa mkono. Yaweza kuwa miezi miwili. Ng'ombe na mbuzi wasiingie kabisa.

Hata hivyo, watoto wakikatazwa kucheza kabisa, watacheza jioni mwalimu akiisha kwenda zake. Ni busara kukigawa kiwanja: nusu ipumzike, na katika nusu nyingine visimamishwe viguzo vidogo, mpira uchezwe kwa upana.

Nyasi zikisimama, zikateni, lakini msiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja. Ili kujua kama kazi imefaulu, chukueni msumari wa inchi sita, mkaukandamize ardhini kwa mkono siku moja baada ya mvua. Ukizama bila kupigwa nyundo, mizizi nayo itapita. Ukikataa, toboeni tena mvua zijazo. Subira huvuta heri.