Mtoto asiyetulia: tuache kugombana juu ya damu ya nani

Ndani ya kila kalasi yuko mtoto wa namna ile. Wenzake wameketi, yeye anatembea. Anajibu mbele swali halijaisha. Kalamu amepoteza, daftari imebaki nyumbani. Mwalimu anaita wazazi, na jioni vita inaanza. Baba anasema: « Hii kichwa nguvu ametosha kwa bajomba yake! » Mama anajibu: « Na wewe, ndugu yako alimaliza masomo? » Mwisho, fimbo inaangukia mtoto.

Kumbe wote wawili wanagusa kitu cha kweli, ila wanakitumia vibaya. Banganga wanaita hali ile TDAH: akili haikai pahali pamoja, mwili hautulii. Duniani karibu watoto 5 katika 100 wako nayo. Si jambo la juzi: katika mwaka 1902, pale London, munganga George Still alieleza watoto waliofanana na hao, na alisema wazi kwamba hawakukosa akili.

Je, ni urithi? Ndiyo, kwa sehemu kubwa. Tuliangalie kwa mapacha. Wale wa yai moja wana urithi uleule; wa mayai mawili wanafanana tu kama ndugu wengine. Mmoja akiwa na TDAH, pacha wake wa yai moja anaelekea zaidi kuwa nayo kuliko wa mayai mawili. Wataalamu waliojumlisha uchunguzi mwingi wa namna hiyo walipata kwamba urithi unaeleza karibu 74 kwa 100 ya tofauti zilizo kati ya watu juu ya hali hii.

Lakini hakuna jeni moja ya « utundu ». Katika mwaka 2023, kundi la Ditte Demontis wa Denmark lililinganisha watu zaidi ya 38 000 wenye TDAH na wengine wasiokuwa nayo. Lilipata sehemu 27 za urithi, na kila moja inaongeza kidogo sana, sawa punje ya mchanga ndani ya mfuko. Punje hizo ziko kwa baba, kwa mama, na kwetu sisi wote. Basi, hakuna jamaa ya kulaumiwa, na hakuna kipimo cha damu cha kuonyesha TDAH.

Tena urithi si peke yake. Kuzaliwa mbele ya wakati, kuzaliwa na uzito mdogo, na sumu ya risasi vinahusika pia.

Kitu kimoja hakihusiki: bulozi. Sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto ulozi.

Tufanye nini? Kwanza tupime masikio na macho, tuulize kama analala na kula vizuri, kama hana kifafa wala woga wa vita. Vyote vinaweza kufanana na TDAH. Kisha tuone munganga, ao kituo kama SOSAME pale Bukavu. Ku masomo, akae mbele, apewe kazi moja moja, atumwe kufuta ubao, asifiwe palepale akifanya vema.

Na wewe baba unayejiona ndani ya mtoto huyo: umusaidie vile ulivyotamani usaidiwe ukiwa mdogo.