Trela Nyuma ya Pikapu: Uzito Ukae Wapi?



Mahindi yakishapukuchuliwa, kila kikundi chenye pikapu hujiuliza swali moja: tutafikishaje magunia haya yote Eldoret kabla mvua haijayapata? Pikapu ya tani moja hubeba magunia 11 ya kilo 90, basi. Kwenda na kurudi mara nne ni kumalizia faida kwenye mafuta. Hapo ndipo mtu husema, "Si tuweke trela?" Wazo si baya. Shida ni kwamba wengi hukimbilia kutengeneza trela, kumbe kazi yenyewe iko kwenye kiungo.

Simama kando ya barabara kuu utazame malori yanayopita Eldoret kwenda Malaba. Nyuma ya kichwa cha lori kuna sahani nene ya chuma, imepakwa grisi, na ina mwanya upande wa nyuma. Hiyo huitwa gurudumu la tano, ingawa haigusi lami kamwe. Jina lilitoka kwa magari ya kukokotwa na farasi, yaliyokuwa na duara la chuma lililolala juu ya ekseli ya mbele ili ekseli ipate kugeuka. Pini ya trela huingia mwanyani, taya zinaifunga, na trela inaulalia mgongo wa lori badala ya kuvutwa kwa mkia.

Huko Marekani watu huweka kiungo kama hiki ndani ya bodi ya pikapu. Faida yake ni kweli: uzito unakaa juu ya ekseli, na trela haiyumbi ovyo. Kile cha kawaida, cha mpira wa chuma nyuma ya bampa, huning'iniza uzito nyuma ya ekseli. Ukizidisha, pua ya gari inainuka na usukani unakuwa mwepesi mkononi. Dereva mwingine atajisifu kwamba gari limekuwa laini. Limekuwa hatari.

Sasa hesabu. Kiungo cha gurudumu la tano hubebeshwa karibu sehemu moja kwa tano ya uzito wa trela. Trela ya kilo 1,500 pamoja na mzigo itaiwekea pikapu kilo 300. Toa hizo kwenye tani moja, zinabaki 700. Toa dereva na mwenzake, kilo 140, na chuma chenyewe cha kiungo, tuseme kilo 60. Umebaki na 500, yaani magunia matano tu ndani ya bodi, kama kiungo kimewaachia nafasi. Kikundi kikiona hesabu hiyo haiwafai, mpira wa chuma na trela ndogo vinatosha, na pesa zibaki kwenye akaunti. Lakini hakikisheni mpira na kikombe chake vinalingana. Kikombe cha milimita 50 hukaa vizuri kabisa juu ya mpira wa 48, mpaka mfike kwenye tuta la kwanza.

Mkiamua gurudumu la tano, likae juu ya ekseli ya nyuma hasa, au mbele yake kidogo kama sentimita 5. Nyuma yake, hapana. Lisifungwe kwenye bati la bodi, kwa maana bati litararuka. Vyuma vyake vishuke mpaka kwenye chesi na kushikwa kwa boliti zenye alama 8.8 kichwani. Welda akitaka kutoboa chesi, atoboe ubavu wake uliosimama, asiguse mdomo wa juu wala wa chini, maana hapo ndipo nguvu ya chesi ilipo.

Kisha chukueni kamba. Pimeni kutoka pini ya trela hadi kona yake ya mbele. Kamba hiyo hiyo ipimeni kutoka kwenye kiungo kuelekea kebini. Ikigusa kebini, siku mtakapokata kona kali dirisha la nyuma litavunjwa na trela yenu wenyewe. Chini ya trela pia acheni nafasi ya sentimita 15 juu ya kingo za bodi, kwa ajili ya mashimo.

Wakati wa kuunganisha, wekeni mawe kwenye magurudumu ya trela. Rudisheni gari polepole mpaka taya zifunge. Sauti ya "ta!" haitoshi: mtu ainame na tochi aone taya zimeikumbatia pini. Kabla ya kuinua miguu ya trela, dereva avute mbele kidogo huku mawe yakiwa bado mahali pake. Trela ikikatika wakati huo, itabaki imesimama kwa miguu yake.

Trela ikizidi kilo 750 na mzigo wake, iwe na breki zake. Wale wanaokwenda Kerio kuchukua maembe wanaujua mteremko wa kutoka Iten. Shukeni kwa gia ndogo, msikalie pedali ya breki mpaka inuke moshi.

Trela husajiliwa peke yake na kupewa namba inayoanza na Z. Ulizeni NTSA juu ya ukaguzi na leseni ya dereva, na kampuni ya bima ielezwe mapema kwamba gari linavuta trela.

Baada ya kilomita 50 za kwanza, simameni mkaze boliti zote tena. Chuma kipya hulegea.