Mtoa mada anapousomea ukuta

Mazungumzo yetu ya wiki hii yanahusu jambo analolifahamu kila aliyewahi kuhudhuria semina. Mtafiti anasimama mbele, mapazia yanafungwa, projekta inawashwa, naye anageuka kuutazama ukuta na kuanza kusoma. Anasoma kila neno lililoandikwa pale. Sisi tulioketi tunasoma pia, tena tunamaliza kabla yake. Ikifika slaidi ya kumi na tano watu wanaulizana chai italetwa saa ngapi.

Jambo hili si la mzaha. Chukua mfano wa Tabora. Wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge hukausha majani kwa moto wa kuni katika mabani, na kuni hizo hutoka katika misitu ya miombo. Tuseme mtafiti amekaa vijijini misimu miwili akipima kuni zinazoingia katika kila bani, na sasa amepewa dakika 15 mbele ya madiwani, ambao ndio wapitishao sheria ndogo za halmashauri. Wasipomwelewa, hakuna hata mmoja atakayekwenda maktaba kuifungua tasnifu yake. Wataamua kwa mazoea, na shoka litaendelea na kazi yake.

Afanyeje basi? Kwanza asiiguse kompyuta. Achukue karatasi na aandike sentensi moja tu: madiwani wakitoka humu ukumbini, wakumbuke nini? Ikiwa amegundua kwamba bani la aina mpya linatumia kuni chache kuliko la zamani, basi awaonyeshe picha ya marundo mawili ya kuni, yaliyopangwa bega kwa bega, yaliyokausha tumbaku ya uzito ule ule. Lile jedwali la tarakimu sitini, ambalo najua analipenda kama mwanawe, libaki kwenye tasnifu. Na Kiingereza cha tasnifu kibaki huko huko chuoni.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea kati ya Tabora na Bagamoyo kwa kawaida walibeba kama frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32. Mzigo uliozidi nguvu za mtu mmoja uliweza kuning'inizwa kwenye mti ukachukuliwa na watu wawili. Slaidi iliyojaa nayo igawanywe iwe mbili. Kwa dakika 15, slaidi kumi zinatosha kabisa. Kuhusu ukubwa wa herufi, dawa ni kwenda kuketi safu ya mwisho mapema, kabla watu hawajafika, na kujaribu kusoma.

Lakini kuna kosa kubwa kuliko herufi ndogo, nalo lina historia yake hapo hapo Tabora. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walikuwa Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Burton alikuwa mgonjwa, akabaki. Speke alikwenda kaskazini na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa pale Mwanza. Alikaa siku chache tu, akarudi Kazeh tarehe 25 akitangaza kwamba amepata chanzo cha mto Nile. Burton akamuuliza ushahidi uko wapi. Speke alikuwa ameona ncha ya kusini peke yake. Habari za upande wa kaskazini alikuwa amezisikia kwa watu. Hata hivyo, mwaka 1859 aliipeleka habari hiyo mbele ya wanajiografia wa London kama jambo lililokwisha. Ukweli ni kwamba alipatia. Lakini ubishi uliendelea miaka mingi, hata baada ya kifo chake mwaka 1864, mpaka Stanley alipolizunguka ziwa lote mwaka 1875.

Kwa hiyo katika ramani na grafu zako, ulichokipima mwenyewe kichore kwa mstari kamili, na ulichoambiwa kichore kwa vitone, kisha useme hivyo kwa kinywa chako. Diwani aliyezaliwa Sikonge anaijua misitu ile kuliko wewe. Akikukamata umetia chumvi mahali pamoja, hata yale uliyoyapima kwa jasho hatayaamini.

Wapo pia wanaopenda maandishi yarukeruke na picha ziingie kwa mbio. Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora miezi kadhaa mwaka 1872, alikuwa amewahi kusafiri na taa ya kuonyeshea picha. Mwaka 1854, katika nchi ambayo leo ni Zambia, aliwaonyesha watu wa Chifu Shinte picha ya Ibrahimu akitaka kumchinja mwanawe. Alipoivuta picha ili kuiondoa, kisu kikaonekana kuwaelekea akina mama, nao wakatoka mbio wakipiga kelele. Sijui ni wangapi kati yao waliokumbuka habari ya Ibrahimu.

Mtafiti wetu aache dakika tano za maswali, na swali ambalo utafiti wake haukuligusa aseme haukuligusa. Slaidi inayobaki ukutani wakati huo isiwe ile ya “Asanteni kwa kunisikiliza”, bali ile ya marundo mawili ya kuni, maana ndiyo watakayoiulizia. Awe na nakala yake kwenye karatasi kubwa mkobani. Umeme ukikatika, mapazia yafunguliwe, karatasi ibandikwe ukutani na mazungumzo yaendelee.