Januari 2028: Namna Halmashauri na Shule Zinavyopanga Mahitaji ya Madarasa

Na Mwandishi Wetu

Mwezi Januari 2028 shule za sekondari nchini zitapokea makundi mawili ya wanafunzi wa Kidato cha Kwanza kwa wakati mmoja. Hali hiyo inatokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ambayo imepunguza muda wa elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita na kufanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Wanafunzi walioanza mtaala ulioboreshwa wakiwa Darasa la Tatu mwaka 2024 watahitimu Darasa la Sita mwaka 2027, sambamba na wenzao wa mtaala wa zamani watakaohitimu Darasa la Saba.

Maandalizi ya kuwapokea watoto hao yanaanzia kwenye takwimu za shule. Mwalimu Mkuu na Kamati ya Shule wanapaswa kufahamu idadi ya wanafunzi wa kila darasa, kwa kuwa idadi hiyo ndiyo inayoonesha mahitaji ya sekondari ya kata. Takwimu hizo hukusanywa na Afisa Elimu Kata na kulinganishwa na viwango vya Serikali: wanafunzi 40 kwa chumba kimoja cha darasa katika sekondari, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25.

Kwa mfano, kata yenye wanafunzi 120 wa Darasa la Sita na 120 wa Darasa la Saba itahitaji vyumba sita vya Kidato cha Kwanza badala ya vitatu. Iwapo nusu ya wanafunzi 120 wa ziada ni wasichana, yatahitajika pia matundu matatu ya vyoo kwa wasichana na matatu kwa wavulana, pamoja na viti na meza 120. Mpango unaohesabu madarasa pekee na kuacha vyoo, samani, maabara na walimu huwa haujakamilika.

Ikumbukwe kuwa mahitaji hayo hayataisha baada ya mwaka mmoja. Kundi hilo litapanda kidato hadi kidato na kufika Kidato cha Nne mwaka 2031. Kwa upande mwingine, shule za msingi zitabaki na madarasa sita badala ya saba, hivyo vyumba vitakavyoachwa wazi vinaweza kupunguza msongamano katika madarasa ya chini.

Baada ya mahitaji kuainishwa, vipaumbele hujadiliwa katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha katika Kamati ya Maendeleo ya Kata. Halmashauri huviunganisha katika mpango na bajeti yake, ambayo hupitishwa na Baraza la Madiwani kabla ya kuwasilishwa mkoani, Ofisi ya Rais-TAMISEMI na hatimaye Bungeni.

Suala la muda ni la msingi katika hatua hizo. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Halmashauri itakayosubiri bajeti ya mwaka 2027/28 itakuwa na takribani miezi sita tu ya kupokea fedha, kununua vifaa na kukamilisha ujenzi kabla ya shule kufunguliwa. Kwa sababu hiyo, maeneo ya ujenzi yanapaswa kupimwa na maboma yaliyoanzishwa kwa nguvu za wananchi kuorodheshwa mapema, kwani kukamilisha boma lililo imara huokoa fedha na muda.

Mwananchi ana nafasi yake katika mchakato huu. Mkutano Mkuu wa Kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na humo ana haki ya kuuliza idadi ya watoto watakaohitimu mwaka 2027, vyumba vilivyopo na fedha zilizopokelewa. Aidha, pale ujenzi unapotumia mafundi wa jamii, wananchi huchagua wenzao katika kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi ya vifaa ili kusimamia kazi hiyo kwa uwazi.

Watoto watakaoingia Kidato cha Kwanza mwaka 2028 tayari wanajulikana kwa majina katika rejesta za shule. Ni wajibu wa viongozi na wazazi wa kila kata kuhakikisha idadi yao inaingia katika bajeti kwa wakati, ili kila mtoto akute chumba, kiti na mwalimu.