Kuchagua Mahali pa Jakuzi kwa Anayejenga Kitete

Jakuzi ni beseni kubwa la kuogea lenye hita, pampu na matundu yanayosukuma maji ya moto. Baadhi ya familia zenye nyumba Kitete na kata nyingine za Manispaa ya Tabora zimelizoea zikiwa ughaibuni, na zinapojenga nyumbani hutaka kuwa nalo. Mahali pa kuliweka panastahili kufikiriwa mapema kuliko rangi au ukubwa wake, kwa kuwa jamvi la zege likishamwagwa na mabomba yakishafukiwa, kuhamisha ni kujenga upya.

Jambo la kwanza ni uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na jakuzi la watu wanne au watano huchukua lita 1,000 hadi 1,500. Ukijumlisha beseni lenyewe na waogaji, mzigo hukaribia tani mbili katika eneo la mita mbili kwa mbili, yaani kilo 500 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya ghorofa katika nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo jakuzi halipandishwi kwenye roshani wala juu ya slabu bila hesabu ya mhandisi wa majengo. Mahali salama ni chini, juu ya jamvi la zege lenye wavu wa nondo, unene wa sentimita 10 hadi 15.

Jamvi nalo linategemea udongo, na hapa Tabora ina habari yake. Unyamwezini vilima huwa na miamba ya granaiti, miteremko ina udongo wa kichanga, na bondeni kuna mbuga ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Kichanga hupitisha maji na hutulia. Mbuga huvimba masika na kupasuka kiangazi, na jamvi lililo juu yake hupanda na kushuka mpaka lipasuke na mabomba yakatike. Kipimo chake hakihitaji maabara: fundi achimbe shimo la futi mbili, alijaze maji, asubiri yanywee, kisha alijaze tena na kutazama saa. Kwenye kichanga maji hushuka machoni. Kwenye mfinyanzi yanaweza kulala humo hadi kesho yake. Kiwanja chenye udongo mweusi kitahitaji kuchimbuliwa na kujazwa changarawe iliyoshindiliwa, la sivyo jakuzi lihamishiwe upande wa juu wa kiwanja.

Baada ya ardhi ni njia ya maji, ya kuingia na ya kutoka. Tabora hupata mvua kati ya Novemba na Aprili, kisha miezi mikavu hufuata. Kwa miaka mingi mji ulitegemea mabwawa kama Igombe na Kazima. Mradi wa maji ya Ziwa Viktoria umeongeza huduma, lakini tangi la akiba nyumbani bado ni busara. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 2,000, kwa hiyo jakuzi lililo karibu na tangi la mvua hujazwa kwa bomba fupi. Lisikae chini ya upenu wa paa usio na mfereji, kwani mvua moja ya radi hulijaza matope.

Maji ya jakuzi hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kumwaga lita elfu moja zenye klorini kwa mkupuo katika karo la choo ni kulifurisha na kuua bakteria wanaosaga uchafu humo. Utaratibu mzuri ni kuacha kutia dawa kwa siku kadhaa hadi klorini ipungue, kisha kuyatoa polepole kwenye bustani iliyo upande wa chini, mbali na msingi wa nyumba na mbali na kisima.

Umeme unataka umbali wa aina mbili. Waya wa kutoka kwenye mita ya Luku uwe mfupi na wa peke yake, wenye athi na kikata umeme kinachozima mara umeme unapovuja kwa miliampia 30. Swichi ikae mita mbili au zaidi kutoka kwenye maji, mahali pa kuonekana, na beseni lisiwe chini ya nyaya za TANESCO. Kupasha lita 1,000 kutoka nyuzi 20 hadi 38 za Selsiasi hula uniti 21 hivi, ambazo hita ya kilowati tatu huzimaliza kwa saa saba. Anayetaka kupunguza gharama atumie mtambo wa jua juu ya paa: Tabora iko kusini mwa ikweta, hivyo mtambo utazame kaskazini, na bomba la moto liwe fupi.

Hali ya hewa nayo ina neno. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka kufikia nyuzi 15. Upepo wa kiangazi hutoka mashariki na kusini-mashariki, ukibeba vumbi na kupokonya maji joto. Upande wa magharibi wa nyumba au nyuma ya ukuta huwa na utulivu. Chini ya mwembe kuna kivuli, lakini pia majani, maembe yanayooza na mizizi inayosukuma zege. Nyuki, ambao Tabora inasifika kwa asali yao, hutafuta maji sana wakati wa ukame, na mbu hutaga kwenye maji yaliyotuama. Kifuniko kinachobana ni lazima, na kiwe na kufuli kwa ajili ya watoto.

La mwisho ni stara. Tembe za kale za Tabora, kama ile ya Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872, zilizunguka ua wa ndani uliofichika kwa wapita njia. Mpangilio huo bado unafaa: jakuzi likae uani, mbali na baraza la wageni, karibu na mlango wa bafu, lionekane kutoka jikoni ili watoto waangaliwe. Kwa wazazi wazee, njia iwe tambarare na yenye kishikio. Pampu isipakane na chumba cha kulala cha jirani, na pembeni pabaki nafasi ya fundi kuifikia.

Kwa anayesimamia ujenzi akiwa mbali, mambo haya yathibitishwe kabla zege halijamwagwa: mchoro wenye vipimo, picha za shimo la majaribio, za nondo na za mabomba yakiwa wazi, na taarifa ya fundi umeme mwenye leseni.